Mwongozo wa Kuandaa Fainali Isiyo Fainali Mjini Arusha

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye vyumba vya hoteli vilivyokaa wazi, uwanja wa kukodi na mlima usiokuwa mbali. Akiwa na hivyo vitatu, hana sababu ya kukosa mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ile ya baada ya msimu, ambayo wenyewe huiita mechi ya bakuli. Asije mtu akasema Arusha haiwezi. Arusha imeshaweza. Jumamosi ya tarehe 21 Mei 2011, kwenye Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid, vijana wa Chuo Kikuu cha Drake, kutoka Des Moines katika jimbo la Iowa, walivaa kofia ngumu na mabega ya plastiki wakapambana na wachezaji teule wa CONADEIP, ligi ya vyuo binafsi vya Mexico. Drake walishinda 17 kwa 7. Mechi iliitwa Kilimanjaro Bowl, na jina hilo tutalirudia muda si mrefu, maana lina neno ndani yake.

Tarehe yenyewe ilikuwa na ushindani. Mhubiri mmoja wa redio huko California, Harold Camping, alikuwa amewatangazia wasikilizaji wake kwamba Mei 21 ndiyo siku ya hukumu, na wateule watanyakuliwa. Basi siku ambayo wateule wa Camping walikuwa wanangoja kupaa, Arusha ilikuwa inawapokea wateule wa Mexico. Muandaaji asiogope kugongana na tukio la mwingine. Kiama kiliahirishwa hadi Oktoba. Mechi ambayo tiketi zake za ndege zimeshalipiwa haiahirishwi.

Jua unachokiandaa

Mtanzania akisikia mechi ya baada ya msimu anafikiria fainali: bingwa anapatikana, gari la wazi linazunguka mjini, mtu wa Simba na mtu wa Yanga hawasalimiani mpaka Jumatano. Futa picha hiyo. Mechi nyingi za bakuli hazitoi bingwa wa kitu chochote. Marekani zipo zaidi ya 40, kuanzia katikati ya Desemba hadi mapema Januari, na timu ya daraja la juu hustahili mwaliko ikishinda mechi 6 kati ya 12, yaani ikipata nusu ya mtihani. Nafasi zisipojaa, hata waliopata 5 wameshawahi kuitwa. Mashindano ya kumtafuta bingwa yana njia yake: yalianza na timu 4 msimu wa 2014, yakapanuliwa hadi 12 msimu wa 2024. Mechi zilizobaki ni mialiko. Unaalikwa, unasafiri, unapewa begi la zawadi, unacheza, unarudi kwenu kumalizia masomo.

Anayefaidika ni mji, na hilo halikufichwa tangu mwanzo. Pasadena, California, ulikuwa mji wa watu wanaokimbia baridi, na chama chake cha Tournament of Roses kilikuwa kinaandaa gwaride la maua kila Mwaka Mpya ili watu wa mashariki, waliozama kwenye theluji, wajue kwamba huku Januari waridi zinachanua. Mwaka 1902 wakaongeza mpira. Michigan iliifunga Stanford 49 kwa 0, Stanford wakaomba poo kabla ya muda kwisha, na waandaaji wakaona mpira unaharibu sherehe. Hadi uliporudishwa mwaka 1916, nafasi yake ilijazwa na mbio za magari ya kukokotwa na farasi, mbio za mbuni, na mwaka 1913 tembo akashindanishwa na ngamia. Tembo alishinda. Uwanja wa Rose Bowl wenyewe ulikuja 1922, baada ya Chuo Kikuu cha Yale kuwa wameshajenga wao mwaka 1914 uliodidimia ardhini, na ndiko lilikotoka jina la bakuli.

Msomaji wa Arusha airudie aya hiyo taratibu. Mbuni tunao. Tembo tunao, na hawasubiri kuombwa ndipo wavuke barabara. Ngamia wapo Mkuru, upande wa kaskazini wa Meru, wanabeba watalii. Mji huu ulikuwa na kila kifaa cha Rose Bowl isipokuwa mpira, na mpira ndicho kifaa ambacho Pasadena wenyewe waliishi bila kukiona kwa zaidi ya miaka kumi.

Suala la mwezi wala lisikuumize kichwa. Desemba Arusha haina shida ya wageni. Shida ni Mei. Masika yanaelekea ukingoni, matope hayajakauka, magari ya safari yameegeshwa yakiwa yameoshwa bila sababu, madereva wanacheza drafti toka asubuhi, na mhudumu wa mapokezi anamsalimu hata mtu aliyeingia kuuliza njia. Ukiweza kuleta timu mbili nzima mwezi huo, na makocha, na madaktari, na wazazi wenye kamera, na mizigo ya kofia isiyoingia kwenye Hiace moja, umeshaielewa mechi ya bakuli kuliko makocha wote. Mpira ni kisingizio kizuri. Vitanda ndivyo vinavyochezwa.

Namna ya kuwapata

Usiandike barua kwa chuo chenye uwanja wa watu 100,000. Hao wana mikataba ya televisheni na hawaji. Tafuta chuo kinachocheza kwa sababu kinapenda. Drake wako kwenye Pioneer Football League, ligi isiyotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya futiboli, kwa hiyo kijana anayegongwa pale uwanjani anagongwa kwa hiari yake na huku ada inadaiwa. Kijana wa namna hiyo ukimwambia kuna safari ya Afrika, mlima na tembo, hahitaji kushawishiwa mara mbili. Na usijifanye unajua taratibu zao. Mechi ya 2011 ilipangwa na Global Football, kampuni ya Patrick Steenberge, aliyewahi kuwa kwotabeki, kiongozi wa mashambulizi, wa Chuo Kikuu cha Notre Dame na ambaye kazi yake ni kuzipeleka timu nje ya Marekani. Kazi yako wewe ni maji ya kunywa, umeme, na mlima.

Chagua mlima ambao haupo

Sasa jina. Uwanja wa Sheikh Amri Abeid uko mjini kati, hatua chache kutoka stendi kuu ya mabasi. Ukikaa jukwaani asubuhi ambayo mawingu yametawanyika, ukigeuza shingo kaskazini, Mlima Meru unakuangalia. Mita 4,566. Umesimama hapo ukiwapa watu maji, migomba, kahawa na udongo mweusi tangu enzi za mababu. Hakuna ofisi yenye dirisha la upande huo isiyouona. Mechi ikaitwa Kilimanjaro.

Muandaaji asione haya. Kilimanjaro uko mkoa mwingine, na Moshi yenyewe iko karibu kilomita 80 kwa barabara, lakini mita 5,895 zina sauti ambayo mita 4,566 hazina. Meru imeshazoea. Uwanja wa ndege unaoteremsha wageni wa Arusha unaitwa Kilimanjaro. Mgeni akiamua kuipanda Meru, mara nyingi huwa ameambiwa akazoeshe mwili kwa ajili ya Kilimanjaro: mlima mzima, wenye msitu wake, kreta yake, nyati wake na twiga wake, umegeuzwa mechi ya kirafiki ya kujiandaa na ligi. Mara ya mwisho Meru kufoka ilikuwa 1910. Ukizingatia yote mlima huo uliyofanyiwa tangu hapo, una moyo.

Mtu wa Moshi atalitumia jina hilo kukusimanga. Atakuambia hata sherehe mkiifanya kwenu, shuka mnaazima kwetu. Usibishane naye kuhusu urefu wa milima, hutashinda. Muulize tu wageni walilala wapi.

Dai kuwa wa kwanza, lakini uweke kinga

Mechi ya bakuli bila dai ni bonanza. Ya 2011 ilitangazwa kuwa futiboli ya kwanza ya vyuo kuchezwa barani Afrika, na neno linalobeba mzigo hapo ni "vyuo". Liondoe, na kuna mpenda historia mahali fulani atakukumbusha kwamba Siku ya Mwaka Mpya wa 1944 wanajeshi wa Marekani waliokuwa Afrika Kaskazini walicheza mechi yao Oran, Algeria, wakaiita Arab Bowl. Liache mahali pake na ulale usingizi. Arusha haihitaji mafunzo marefu kwenye somo hili. Kila mgeni aliyewahi kusimama kwenye Mnara wa Saa ameambiwa yuko katikati kabisa ya njia kati ya Cape Town na Cairo. Amepiga picha, ameondoka ameridhika, na hakuna aliyerudi na futi kamba.

Uwanja na mwenye jina la uwanja

Futi kamba uiazime wewe. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani una urefu wa yadi 120 ukihesabu maeneo mawili ya mwisho, karibu mita 110, na upana wa yadi 53 na theluthi, karibu mita 49. Uwanja wa kawaida wa soka wa mechi kubwa ni mita 105 kwa 68. Kwa maana hiyo upana utakubakia hadi ujiulize utaufanyia nini, ila urefu utakupelea mita tano hivi, na mita hizo usizidharau, maana ziko kulekule wanakofungia. Halafu kuna milingoti. Yao haina nyavu, inapanda tu juu. Fundi wa kuchomelea wa Unga Limited ataitengeneza ukimpelekea picha na nusu ya pesa. Ukimpelekea picha peke yake ataitengeneza msimu ujao. Uwanja ni mali ya CCM, hivyo barua ya maombi iwe ya heshima na itangulie mapema, kabla mkutano wa hadhara haujaikalia tarehe yako. Kuna watakaokushauri usubiri ule wa Olmoti, wa AFCON 2027, wenye nafasi ya watu 30,000. Wasikilize kwa adabu, kisha uwaulize wao watawatoa wapi hao watu 30,000 wa kuangalia Iowa.

Zaidi ya hayo, ukiuacha Sheikh Amri Abeid utakuwa umeitupa bahati. Sheikh Kaluta Amri Abeid, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye waziri, aliyefariki mwaka 1964, alikuwa mshairi, na mwaka 1954 alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Alikuwa mtu wa hesabu kamili. Mshororo una mizani zake, nane huku na nane kule. Vina vya kati vina mahali pake na vya mwisho vina pake. Mishororo minne, ubeti umetimia. Asiyetimiza hajatunga, amezungumza tu. Sasa zisome sheria za mchezo wa wageni wako: wachezaji 11, robo nne za dakika 15, majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na asiyetimiza ananyang'anywa mpira. Katika viwanja vyote vya Tanzania sioni kingine ambacho mwenye jina lake angeuelewa mchezo huu kabla ya mapumziko. Wale wa mashairi huru wana soka lao.

Kuwafundisha watu wa vikao mchezo wa vikao

Hii ndiyo sehemu ambayo waandaaji wengi wataikosea, kwa kudhani umma wa Arusha utashindwa kuuelewa mchezo. Watatafuta video, watachora mishale ubaoni, watachapisha vipeperushi. Kazi bure. Watu wataangalia robo ya kwanza na kuuliza swali moja tu: mbona wanasimama?

Wanasimama kwa sababu wanakutana. Wachezaji 11 wanajikusanya duara, wanainamisha vichwa, wananong'ona. Wanatawanyika, wanajipanga, mmoja anapiga kelele, wanagongana sekunde nne tano, filimbi inalia, wanarudi kukutana. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima mechi za ligi ya kulipwa, zile zinazokula saa tatu za televisheni, likakuta mpira wenyewe unachezwa dakika 11 hivi. Kwingine duniani takwimu hiyo ilizua vicheko. Huku kwetu, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mji ambao ukumbi wa AICC umekuwa ukiandaa mikutano tangu 1978, dakika 11 za utekelezaji kwa saa tatu za kukutana ni ufanisi ambao sekretarieti yoyote ingeutia kwenye ripoti ya mwaka.

Kwa hiyo eleza mchezo kwa lugha tunayoijua. Kwotabeki ni mwenyekiti: ndiye anayeitaja ajenda, ingawa ajenda yenyewe ameletewa na mtu aliyeko nje ya ukumbi, kocha, aliyeshika karatasi pana iliyopigwa plastiki na anayeziba mdomo kila anapoongea. Wale watano wanene mbele yake ni watumishi wa kudumu. Msimu unaisha hawajagusa mpira, lakini siku wasipokuwepo mwenyekiti anabebwa kwa machela. Yadi kumi ni azimio, na kuna vikao vinne vya kulipitisha. Ikionekana halitapita, kwenye kikao cha nne mpira unapigwa teke kwenda mbali kabisa, yaani shauri limehamishiwa kwa wajumbe wa upande wa pili na wao waone linavyouma. Kitambaa cha njano kinachorushwa na mwamuzi ni "taarifa, mheshimiwa mwenyekiti", na baada yake kila mtu anarudishwa nyuma yadi kadhaa, jambo ambalo mwenye kuhudhuria vikao anakubaliana nalo bila maelezo.

Kuna wakati mmoja ambao hautahitaji tafsiri ya aina yoyote. Mpira ukikomea padogo tu kabla ya yadi ya kumi, wanaingia watu na fimbo mbili zilizofungwa mnyororo wa yadi kumi kamili. Fimbo moja inakitwa chini, mnyororo unavutwa mpaka unakaza, fimbo ya pili inashuka pembeni ya mpira, mwamuzi anapiga goti. Hapo jukwaa lote litasimama. Ni familia gani ya mji huu ambayo haijawahi kusimama kwenye ncha ya kiwanja ikiangalia mpimaji akivuta kamba, huku jirani akiapa kwamba bikoni ilikuwa kwenye ule mgrevilea? Na Wameru waliomtuma Japhet Kirilo hadi New York, Umoja wa Mataifa, mwaka 1952, kuidai ardhi ya Ngarenanyuki waliyofukuzwa na serikali ya kikoloni mwaka mmoja kabla, wao ndio wa mwisho duniani kuuliza kwa nini watu wenye akili zao wanavunjana mbavu kwa ajili ya yadi tatu za majani.

Mzee aliyekaa jirani yako atakugeukia.

"Mjukuu wangu, huyo amelaliwa na watu sita na refa anaangalia tu?"

"Ndiyo sheria yenyewe, babu."

"Haya. Na hao wenye mnyororo?"

"Wanapima, babu. Inaonekana amebakiza kama futi moja."

"Futi moja!" Atasimama kwa msaada wa fimbo yake. "Mpimaji katoka wilayani, au wamekuja naye?"

Huyo umeshampata. Mwongeze karanga na umwache.

Hesabu ya pointi ipitie haraka. Kuufikisha mpira eneo la mwisho, ambayo ndiyo tachidauni, ni 6. Teke la nyongeza 1. Kuupitisha mpira kwa teke kati ya milingoti bila tachidauni 3. Kumwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe 2. Njia nyepesi ya kufika 17 ni tachidauni mbili na mateke yake, kisha teke moja la 3. Ila mkanye mtangazaji asiseme "mabao 17 kwa 7", maana kuna watu wa Kaloleni wataondoka uwanjani wakiwa na maswali kuhusu kipa.

Kuhusu ushabiki, usihangaike kuuandaa, utajiandaa wenyewe. Kabla ya robo ya kwanza kwisha timu moja itakuwa Simba na nyingine Yanga, na sababu haitajulikana. Nitaongeza angalizo moja la kienyeji. Alama ya Drake ni mbwa, bulldog. CONADEIP wakati huo ilikuwa ligi ya akina Borregos Salvajes wa Tec de Monterrey, ambao alama yao ni kondoo dume. Ukiwapa Waarusha kuchagua kati ya mbwa na kondoo, usitegemee mapenzi yagawanyike nusu kwa nusu. Wataangalia bei ya mnadani.

Mdhamini na kinachomwagwa

Marekani bakuli hubeba jina la anayelipa, na anayelipa hutaka kitu chake kionekane kikimwagika. Kwenye Famous Idaho Potato Bowl kocha aliyeshinda humwagiwa chipsi. Kwenye Duke's Mayo Bowl, Charlotte, anawekwa kwenye kiti na kumwagiwa ndoo nzima ya mayonezi, akitabasamu, kwa faida ya kazi za hisani. Orlando, tangu Desemba 2023, kuna Pop-Tarts Bowl: mtu aliyevaa umbo la keki ya mdhamini anacheza dansi, anazama taratibu kwenye mashine kubwa ya kubanikia, na chini inatoka keki halisi yenye macho, ambayo washindi wanaimega kwa mikono. Nchi nzima ilizungumza wiki nzima. Waliona wamegundua jambo: tuzo inayoliwa.

Hapo inabidi tuwe na uvumilivu na wenzetu. Sisi tuna kombe la mbuzi. Kila kata imeshacheza. Mbuzi anafungwa karibu na bendera ya kona tangu saa nne asubuhi, anatafuna majani yaliyo ndani ya uwanja na wakati mwingine yaliyo juu ya mstari, anaangalia nusu fainali ya kwanza, anaangalia ya pili, hana upande. Fainali ikifika mikwaju ya penalti yeye ndiye mtulivu kuliko wote. Saa kumi na mbili jioni yuko kwenye mkaa, na kapteni wa timu iliyoshindwa yuko hapohapo na limau lake, kwa sababu ushindani una mwisho. Tofauti yetu na Orlando ni kwamba mbuzi hatumchezeshi dansi akielekea jikoni.

Kwa hiyo jina la mdhamini litafutwe kwenye viazi mviringo vya mteremko wa Meru, au kahawa, au maua ya kule Usa River yanayopanda ndege kwenda Uholanzi. Hao wa maua wana haki ya kuwafuata Pasadena kwa ukaribu zaidi. Lakini suala la kumwaga chakula lifutwe kwenye ratiba. Kuna kijana wa masoko atakuja na wazo kwamba kocha mshindi amwagiwe loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, mbele ya kamera, kuitangaza asili yetu. Mpe namba ya bibi yeyote wa Kimeru azungumze naye. Loshoro haimwagwi. Kocha apewe bakuli lake, akae chini, ale.

Matendo mema, kisha mlima

Bakuli la ugenini halikamiliki bila wema. Wachezaji wa 2011 waliwafundisha watoto wa Arusha mchezo wao na wakafanya kazi za kujitolea. Sehemu ya watoto ni rahisi: ndani ya muda mfupi watakuwa wanaudaka ule mpira wenye ncha mbili kuliko walimu wao, na watataka kujua ni saa ngapi wanaruhusiwa kumwangusha kocha. Sehemu ya kujitolea ndiyo inayohitaji mipango, maana Arusha ni mji unaopokea wajitoleaji mwaka mzima. Andaa ukuta. Hakikisha haujapakwa rangi na kundi la wiki iliyopita. Kama umepakwa, badilisha rangi, na mwalimu mkuu ashukuru kwa sauti ileile.

Halafu mlima, ule wa kwenye jina. Timu ya kocha Chris Creighton ilikwenda kuupanda Kilimanjaro baada ya mechi, na nashauri utaratibu huo udumu: mechi kwanza, mlima baadaye, maana ukiugeuza hutakuwa na mechi. Mwili uliojengwa kwa kugongana sekunde tano na kupumzika sekunde arobaini haujawahi kuambiwa kuhusu siku sita za kutembea. Kijana wa kilo 130, ambaye kule Iowa anawasukuma watu watatu kwa mkono mmoja, kufikia kambi ya pili atakuwa anaomba kikao kila baada ya hatua kumi. Hapo ndipo atakapopitwa na mgumu, mpagazi wa kilo zisizofika 60, mwenye mzigo unaoruhusiwa hadi kilo 20, sehemu kichwani sehemu mgongoni, redio ndogo ikiimba mfukoni, ambaye atamwambia "pole pole, kaka" bila kupunguza mwendo. Mzigo wenyewe ni wa huyo kijana.

Bahasha za bakshishi za wagumu ziandaliwe kabla ya kupanda na zigawanywe mbele ya wote, kila mtu akisikia kiasi chake. Na dola ziwe mpya. Noti ya kabla ya mwaka 2006 haitapokelewa kwenye duka la fedha, hata mwenye nayo awe na kilo 130.